Kuongoza mradi wa ruzuku wa kuingiza akili mnemba kwenye ufundishaji wa chuo cha jumuiya: mwongozo kamili

Barua ya ruzuku ikishafika, swali la kwanza utakaloulizwa kila kona ya chuo ni "tunanunua programu gani?" Swali hilo ndilo linalozamisha miradi ya aina hii. Kwenye chuo cha jumuiya cha Marekani, yaani chuo cha miaka miwili, mwalimu wa kudumu mara nyingi hubeba kozi tano kwa muhula. Karibu theluthi mbili ya wanaofundisha ni walimu wa muda wanaolipwa kwa kozi, na wengine hukimbia kutoka chuo kimoja kwenda kingine siku hiyohiyo. Watu hawa hawajakosa akili mnemba. Wanayo kwenye simu zao tangu ChatGPT ilipotoka Novemba 2022. Walichokosa ni saa tatu za utulivu za kukaa na kazi zao za darasani na kuzipanga upya.

Kwa hiyo mwongozo huu una msimamo mmoja: pesa ya ruzuku inunue muda wa walimu kwanza, na mengine yafuate.

Hatua ya 1: Jua mlango unaobisha

Kwa vyuo vya miaka miwili, mlango mkubwa ni mpango wa ufadhili uitwao ATE (Advanced Technological Education) wa Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani, NSF. Ulizaliwa na sheria ya mwaka 1992, na kazi yake ni elimu ya mafundi wa teknolojia: viwanda, usalama wa mitandao, bioteknolojia, nishati na mengineyo. Kama wazo lako ni akili mnemba kwenye kozi za ufundi, uko mahali pake. Kama unawaza insha za Kiingereza au historia, usilazimishe. Wasomaji wa maombi wanalinusa ombi lililogeuzwa koti, na ni heri uende kwenye mifuko ya Wizara ya Elimu, ya jimbo au ya wakfu binafsi.

Kabla hujaandika neno, tazama wenzako wamefika wapi. Miami Dade College inaongoza Muungano wa Taifa wa Akili Mnemba Tumizi, pamoja na Houston Community College (siku hizi Houston City College) na vyuo vya Maricopa huko Arizona, kwa fedha za NSF zilizotolewa mwaka 2024. Taasisi ya AI-ALOE, yenye makao Georgia Tech na iliyoanza mwaka 2021, imekuwa ikijaribu wasaidizi wa masomo wa akili mnemba kwa wanafunzi watu wazima, wakiwemo wa vyuo vya ufundi vya Georgia. Waandikie, waombe walichonacho. Ombi linalosema "tutachukua moduli zilizopo na kuzipima kwenye kozi zetu nne" lina nguvu kuliko lile linaloahidi kuvumbua kila kitu upya.

Kama chuo chako hakijawahi kupata ATE, tafuta Mentor-Connect, wanaowashika mkono waombaji wapya. Kwa upande wa tathmini kuna EvaluATE, kituo kinachosaidia tathmini za miradi ya ATE, pale Western Michigan University.

Jambo moja la kuweka akilini tangu mwanzo: mwaka 2025 NSF ilisitisha ruzuku zaidi ya elfu moja kabla ya muda wake. Panga mradi kwa vipande, kila muhula uzae kitu kizima kinachoweza kusimama peke yake. Mradi ambao matunda yake yote yanaiva mwaka wa tatu unaweza usiufikie mwaka wa tatu.

Hatua ya 2: Mazungumzo kabla ya maandishi

Kuna watu wanne ambao wasipohusishwa mapema watakukwamisha baadaye bila hata kukusudia: makamu mkuu wa taaluma, mkuu wa TEHAMA, kiongozi wa chama cha walimu pale kilipo, na mtu wa manunuzi. Huyu wa mwisho husahaulika kila mara, halafu leseni inakaa miezi mitano ikisubiri saini.

Kwa makamu mkuu usiombe "uungaji mkono". Omba ahadi yenye namba: nitapunguziwa kozi moja kila muhula kwa miaka mitatu, na nani atazifundisha. Ahadi isiyo na jina la mtu wa kushika vipindi vyako ni maneno matamu tu.

Kisha waulize walimu wenyewe, na hasa wa muda. Usiwatumie dodoso. Kaa na sita au saba kati yao na uwaulize ni kazi gani ya darasani imeharibika tangu wanafunzi waanze kutumia chatboti. Majibu yao ndiyo sehemu ya "mahitaji" ya ombi lako, na yatakuwa na uhai kuliko aya yoyote kuhusu mapinduzi ya teknolojia. Ukiwa hapohapo, omba ofisi ya takwimu ya chuo ikupe kiwango cha kufaulu, kufeli na kujitoa kwa kozi unazozilenga, miaka mitatu nyuma. Ukisubiri hadi mradi uanze, hutakuwa na pa kulinganishia.

Hatua ya 3: Bajeti, na hapa tukae kidogo

Tuchukue mfano wa dola 300,000 kwa miaka mitatu, walimu 24, wanane kila mwaka. Namba ni zangu za kufanyia hesabu, lakini maumivu yake ni ya kweli.

Kwanza toa gharama za uendeshaji za chuo. Chuo ambacho hakijakubaliana na serikali kuu kiwango chake cha gharama hizi kinaruhusiwa kutoza hadi asilimia 15 ya gharama za moja kwa moja zinazokubalika. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 hadi kanuni zilipobadilishwa kuanzia Oktoba 1, 2024. Ikiwa karibu kila gharama yako inaingia kwenye hesabu hiyo, dola kama 39,000 zimeondoka na umebaki na 261,000.

Walimu 24 kwa posho ya dola 3,000 kila mmoja, yaani saa 60 za kazi, ni 72,000. Kukupunguzia wewe kozi moja kwa mihula sita, kwa dola 4,000 za kumlipa anayeshika nafasi yako, ni 24,000. Mtathmini wa nje, karibu asilimia kumi ya ruzuku, ni 30,000. Programu na leseni, 15,000. Zimebaki 120,000, unaona ni nyingi. Lakini hapo ndipo atoke mratibu wa nusu siku kwa miaka mitatu, safari za mkutano wa mwaka wa ATE kule Washington, malipo ya wanafunzi wasaidizi, na mafao. Nasisitiza mafao, maana bima na pensheni juu ya mishahara ndicho kipengele kinachopasua bajeti za wageni. Pata asilimia yake kutoka ofisi ya fedha. Usikisie.

Angalia uwiano: programu zimechukua asilimia tano. Ukiona zinakaribia thelathini, umeandika bajeti ya muuzaji.

Suala la posho lina mtego. Kanuni za serikali kuu zina kasha linaloitwa gharama za kusaidia washiriki, ambalo chuo hakitozi juu yake asilimia ya uendeshaji, na huwezi kuzihamisha fedha zake kwenda kwingine bila ruhusa ya maandishi. Inavutia kuwaweka walimu wote humo. Lakini machoni pa kanuni, mtu anayehudhuria mafunzo na mtu anayeandika moduli za mradi si kitu kimoja: wa pili anafanya kazi ya mradi, na malipo yake ni mshahara, pamoja na karatasi za muda wa kazi. Wafanyakazi wa chuo chako mwenyewe wana utata zaidi. Uliza ofisi ya ruzuku ya chuo na ofisa wa NSF anayesimamia ruzuku yako kwa barua pepe, uhifadhi jibu.

Tena, usiahidi mchango wa chuo ambao haukuombwa. NSF hairuhusu michango ya hiari ya namna hiyo ndani ya bajeti.

Hatua ya 4: Siku tisini za kwanza

Fungua akaunti ya mradi, ajiri mratibu, saini mkataba na mtathmini. Hayo yanajieleza.

Kisichojieleza ni kibali cha maadili ya utafiti. Ukitaka kutumia kazi au alama za wanafunzi kama data ya kuwaonyesha watu wa nje, lazima kamati ya maadili iseme neno. Mara nyingi kazi ya kawaida ya darasani huangukia kundi lisilohitaji mapitio kamili, lakini anayeamua hivyo ni kamati, si wewe. Vyuo vingi vidogo havina kamati yao. Kama chako ni hivyo, zungumza na chuo kikuu cha jirani mapema, maana makubaliano ya kutegemea kamati ya wengine yanaweza kula muhula mzima.

Halafu kuna tangazo la uzinduzi. Ofisi ya mawasiliano itataka picha ya roboti lenye macho ya bluu. Wape picha ya mwalimu na mwanafunzi wakibishana juu ya mashine iliyofunguliwa.

Hatua ya 5: Sera ya ukurasa mmoja

Usingoje sera ya chuo kizima. Itachukua mwaka na itatoka haina meno. Andikeni ya kozi zenu. Kinachofanya kazi ni kuweka alama kwenye kila kazi, si kwenye silabasi nzima: kazi hii bila akili mnemba kabisa, kazi hii kwa masharti yaliyotajwa, kazi hii tumia utakavyo ila uonyeshe ulichokifanya. Mwanafunzi mwenye walimu watano wenye misimamo mitano anahitaji kuona hilo juu ya karatasi anayoishika.

Walimu watataka fedha za programu ya kunasa maandishi ya mashine. Kataa. OpenAI yenyewe iliiondoa yake Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford walipima programu kadhaa za aina hiyo kwa insha za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilisingiziwa kuwa za mashine. Kwenye chuo cha jumuiya, waandishi wa namna hiyo ndio wanafunzi wako. Kumshtaki mama wa miaka arobaini anayesoma usiku baada ya zamu, kwa ushahidi wa chombo kama hicho, ni dhuluma, na ruzuku yako itakuwa imeilipia.

Hatua ya 6: Mafunzo ya walimu yenye kazi mkononi

Nilikaa kwenye warsha moja ya saa mbili yenye slaidi 70 na historia ya kompyuta tangu mwanzo. Mwisho wake mwalimu wa uhasibu aliuliza, "Sasa Jumatatu nifanye nini?" Mtoa mada akamwambia ajaribujaribu. Hapo ndipo nilipoamua kwamba mtu haingii kwenye mafunzo yangu bila kuleta kazi moja ya darasa lake inayomsumbua, na hatoki bila kuwa ameibadilisha.

Mpangilio unaotosha ni huu: kundi la wanane, saa 12 za pamoja katika wiki sita, saa zilizobaki kila mtu anafanya kazi yake, anaijaribu darasani, anarudi kueleza. Changanya idara. Mwalimu wa uuguzi huona tundu kwenye kazi ya mwalimu wa uchomeleaji ambalo wenzake wa uchomeleaji wamelizoea.

Tuisogelee kazi moja. Mwalimu wa ufundi wa viyoyozi ana swali lake la miaka yote: "Taja sababu tano za kiyoyozi kushindwa kupoza, ueleze kila moja." Chatboti hulijibu kwa sekunde kumi, vizuri kuliko kitabu. Swali limekufa.

Swali jipya linaanza na vipimo vya mashine halisi iliyo karakana. Presha upande wa kufyonza iko chini. Gesi inayorudi kwenye kompresa ina joto kuliko inavyopaswa. Lakini kimiminika kinachotoka kwenye kondensa kimepoa kupita kawaida. Mwanafunzi anampa chatboti vipimo viwili vya kwanza tu, na anaandika jibu alilopata. Mara nyingi ataambiwa gesi imepungua, aongeze. Kisha anaongeza kipimo cha tatu, na anatazama kama jibu linabadilika. Kama gesi ingekuwa imepungua, kimiminika kile kisingepoa kiasi hicho. Kupoa kwake kunaonyesha kimerundikana nyuma ya kizuizi, pengine chujio lililoziba. Fundi aliyeongeza gesi hapo angepandisha presha ya kondensa na kuiacha hitilafu palepale.

Sasa mwanafunzi anapitia jibu la mashine sentensi kwa sentensi, anaandika kando: sahihi, si sahihi, au inategemea. Penye "inategemea" anataja kipimo gani kingekata shauri. Halafu anakwenda kwenye mashine, anapima tofauti ya joto kabla na baada ya chujio. Alama sitini kati ya mia ziko kwenye vipimo na sababu, ishirini kwenye uchambuzi wa jibu la chatboti, zilizobaki kwenye ripoti ya kumpa mteja. Maandishi mazuri yaliyotoka kwa mashine hayampi chochote asiyeshika geji.

Mwalimu alitumia saa tano kuitengeneza kazi hiyo, na tatu zilikuwa za kubishana na kundi lake. Saa hizo tano ndizo ruzuku ilizozinunua.

Utaratibu huohuo unabebeka kwingine: mpe mashine taarifa pungufu, pata jibu lenye kujiamini, ongeza taarifa, lipime jibu kwa kitu kilicho nje ya skrini. Uhasibu wana stakabadhi. Uuguzi wana chati ya mgonjwa wa kubuni, na nasisitiza wa kubuni.

Lipa posho kwa awamu: nusu baada ya warsha, nusu kazi ikishajaribiwa darasani na maelezo ya ukurasa mmoja yakiwa yamekabidhiwa. Walimu wa muda walipwe sawasawa na wa kudumu, na vikao vyao viwe jioni au mtandaoni.

Hatua ya 7: Zana, faragha na ufikivu

Sasa ndiyo zamu ya programu. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inalinda kumbukumbu za masomo za mwanafunzi. Mwalimu akibandika insha yenye jina na alama kwenye chatboti ya bure aliyojiungia mwenyewe, ameipeleka kumbukumbu hiyo kwa kampuni isiyo na mkataba na chuo. Kanuni rahisi ya kundi lako: hakuna jina, hakuna namba ya mwanafunzi, hakuna alama kwenye chombo ambacho chuo hakijakisainia. Kwenye mkataba tafuta kipengele kinachokataza data zenu kutumika kufundishia modeli, na kinachosema zitafutwa lini.

Ufikivu, yaani chombo kutumika na watu wenye ulemavu, si hiari. Wizara ya Sheria ilitoa kanuni mwaka 2024 inayovitaka vyombo vya serikali za majimbo na mitaa, vikiwemo vyuo vya umma, kufuata kiwango cha WCAG 2.1 daraja AA kwenye tovuti na programu zao. Kabla ya kulipa, mwombe mwanafunzi au mfanyakazi anayetumia programu ya kusoma skrini akijaribu chombo mbele yako kwa dakika ishirini. Dakika hizo zinaeleza zaidi ya cheti cha muuzaji.

Usisahau simu. Mpango wa serikali kuu wa kupunguzia familia ada ya intaneti uliisha mwanzoni mwa Juni 2024, na wapo wanafunzi wanaoandika kazi zote kwenye simu yenye bando dogo. Mwanafunzi anayelipia chatboti kila mwezi na anayetumia ya bure hawapati majibu ya ubora mmoja. Kama kazi inahitaji chombo, chuo kikitoe kwa wote, au kazi ifanyike darasani.

Hatua ya 8: Tathmini na ripoti

Mkutane na mtathmini kila mwezi, nusu saa. Mtathmini anayeonekana mwisho wa mwaka ni mwandishi wa ripoti tu.

Kuhusu vipimo, jizuie. Walimu wanane hawawezi kuonyesha kwamba akili mnemba imepandisha ufaulu wa chuo. Mambo mengi mno yanaingia hapo katikati. Pima kile mradi unachogusa moja kwa moja: kazi ngapi zimebadilishwa na bado zinatumika muhula wa pili, wanafunzi wangapi wanatambua kosa kwenye jibu la mashine mwanzoni na mwishoni mwa muhula, mwalimu anatumia saa ngapi. Kufaulu na kujitoa viripoti, ukimlinganisha mwalimu na mihula yake mwenyewe iliyopita, bila kupiga tarumbeta.

NSF inataka ripoti ya mwaka siku 90 kabla ya kipindi cha bajeti kuisha, si baada, na ya mwisho ndani ya siku 120 baada ya ruzuku kumalizika. Watu wengi hukosea hiyo ya kwanza. Weka faili moja ambalo mratibu analijaza kila Ijumaa: nani alihudhuria, nini kilitumika, nini kilishindikana. Andika na yaliyoshindikana. Ukitaka kubadilisha lengo la mradi au kiongozi wake, omba ruhusa kwanza. Nyaraka zitunzwe angalau miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya fedha.

Hatua ya 9: Mwaka wa tatu uanze mwaka wa pili

Kinachobaki baada ya ruzuku ni kile kilichoingia kwenye muhtasari rasmi wa kozi, ule unaopitishwa na kamati ya mitaala. Kamati hizo hukutana kwa ratiba yake na foleni ni ndefu, kwa hiyo peleka mabadiliko ya kundi la kwanza mapema mwaka wa pili. Kozi inayohamishiwa chuo kikuu cha miaka minne ihakikiwe kwanza kwamba badiliko halivunji makubaliano ya uhamisho.

Kazi zote zilizobadilishwa ziweke mahali pa wazi, kwenye mfumo wa masomo wa chuo, zikiwa na leseni huria na jina la mwalimu aliyezitengeneza. Mwalimu wa muda anayepewa kozi Ijumaa kuanza kufundisha Jumatatu azikute humo, zikiwa tayari na mwongozo wa kusahihishia.

Leseni za programu zina tarehe za kuisha. Miezi sita kabla, kaa na mkuu wa TEHAMA mkiwa na orodha: kipi kinatumika kweli, nani atakilipia, kipi kiachwe. Kama kozi tatu zinakitegemea chombo ambacho hakuna bajeti ya kukilipia, walimu wake waambiwe siku hiyohiyo, ili likizo ya kiangazi iwakute bado wana saa za posho za kuziandika upya kazi zao.